Jina Ambalo Mama Hakulisoma

Kitabu cha kwanza nilichokijua maishani mwangu kilinuka moshi na dawa ya josho. Moshi, kwa sababu mama alikitundika juu ya meko ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, jirani na vibuyu vya maziwa. Dawa ya josho, kwa sababu darasa lake la watu wazima lilikuwa kwenye banda la josho kule Getanuwas, na siku za kuogesha ng'ombe harufu ile iliingia mpaka kwenye nywele. Vitabu anavyoniletea mjukuu wangu Paulina siku hizi, hapa Mbulu, vinanuka gundi na duka. Mimi huvinusa kwanza kabla sijatafuta miwani, na Paulina hunicheka. Huniambia, "Bibi, kitabu hakinuswi, kinasomwa." Namjibu kwamba mimi niliijua harufu ya kitabu kabla ya kujua herufi, na mtu hasahau mlango alioingilia.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma sikuacha. Nasoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari, na asubuhi za baridi ya hapa kwetu nasoma nikiwa jikoni karibu na moto. Mwaka huu Paulina ameniletea riwaya tatu na kitabu kimoja cha mambo ya nyumbani. Yeye ni mwalimu wa sekondari, basi kila nikimaliza kimoja ananikalisha na kuniuliza nimekionaje. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi zangu ni hizi. Riwaya ya kwanza ilikuwa ya tajiri mwenye mashamba. Mwandishi amelieleza gari lake kurasa mbili nzima, rangi yake, viti vyake, mlio wake, lakini mama anayempikia tajiri huyo tangu mwanzo hadi mwisho anaitwa mpishi tu. Mtu amekulisha kitabu kizima, nawe hujui anaitwa nani? Nilikifunga kwa hasira, kesho yake nikakimalizia kwa sababu nilitaka kujua kama yule mama aliondoka. Ya pili ilikuwa ya mauaji. Muuaji nilimjua mapema, ni yule kijana aliyepita mbele ya wazee mara mbili bila kutoa shikamoo. Paulina akasema huo si ushahidi. Nikamwambia kwao labda, kwetu unatosha. Ya tatu niliipenda, ya wajane wawili wanaogombea jogoo, maana kila mtu ndani yake alikuwa na jina, hata jogoo. Na hicho kitabu cha nyumbani, kuna ukurasa mzuri wa kutunza maharage yasibunguliwe, huo nimeukunja pembe. Ila kinasema mtoto asifiwe kila afanyapo jambo jema. Mtoto anayesifiwa kwa kunawa mikono, akija kuokoa ndama mtoni utampa nini?

Paulina akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniuliza nilijifunzia wapi kuvisema vitabu hivi kama nasema majirani. Nikamwambia kwa babu yangu, mzaa baba, ambaye hakujua hata herufi a. Hakuniamini. Ndipo nikaona niyaandike, kwa sababu waliokuwepo masika yale karibu wote wamelala, na mimi ndiye niliyebaki na majina yao.

Masika yale mvua ilikuja mapema. Mlima Hanang ulivaa wingu asubuhi hadi jioni, na mbuga za Getanuwas zilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Ng'ombe walinenepa, maziwa yalijaa, hivyo kila mtu alikuwa na moyo mwepesi. Boma letu lilikuwa kubwa. Mwenye boma alikuwa babu, mzee mrefu mwenye shuka jeusi na fimbo aliyoegemezea kidevu akisikiliza watu. Jina lake lilikuwa Salumu. Msishangae Mbarabaig mzee wa mambo ya jadi kuitwa Salumu. Siku aliyozaliwa alipita boma la wazazi wake mfanyabiashara wa shanga kutoka pwani mwenye jina hilo, akaomba maji, na mvua iliyokuwa imegoma ikanyesha kabla hajamaliza kunywa. Kwetu mtoto hupewa jina la jambo lililotokea. Mtu wa shanga akaenda zake, jina likabaki.

Mama yangu, Udabasa, alikuwa mke wa mtoto wa tatu wa babu. Alikulia jirani na mnada wa Katesh ambako baba yake aliuza ngozi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho kuliko wanawake wote wa boma. Mwalimu alipofika kufungua darasa la watu wazima, mama alikuwa wa kwanza kutaka. Mwalimu huyo aliitwa Betrisi, mwanamke mfupi kutoka Songea, mwenye sauti ya kwaya na miguu isiyozoea tope letu. Alikuja na vitabu vya aina mbili. Kimoja kilikuwa cha hadithi, cha kujifunzia kusoma. Kingine kilikuwa cha maarifa ya nyumbani, na kwenye jalada lake alichorwa mama mwenye aproni amesimama karibu na meza yenye ua ndani ya glasi. Wanawake wa kwetu waliitazama picha ile kwa muda. Mama mkubwa Udamasi, mke wa baba mkubwa, akauliza kama kule kwa huyo mama ng'ombe wamekwisha, hata majani yanawekwa mezani yaangaliwe na watu.

Babu hakumkatalia mama darasa. Alisema tu kwamba saa za darasa ndizo saa za ndama kurudi, na ndama hawajui kusubiri. Basi wanawake wakagawana, leo huyu anabaki na ndama, kesho yule. Mambo yalikwenda vizuri hadi kitabu cha maarifa ya nyumbani kilipofika ukurasa wa kuosha vyombo. Kilisema vyombo vyote vya maziwa vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Mwandishi wake bila shaka alikuwa anafikiria sufuria. Kibuyu chetu hakioshwi hivyo. Kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, kinapigwa ndani mpaka kinafuka, na ule moshi ndio unaohifadhi maziwa na kuyapa utamu. Lakini mama alikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi mpya ni kama ndama mpya, anakimbilia kila kinachotikisika. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaosha kibuyu cha baba mkwe wake ndani na nje, akakianika juani, akakijaza maziwa ya jioni.

Sabuni inaingia ndani ya kibuyu kama maji kwenye mchanga. Babu alipiga funda moja, kisha akatema pembeni kwa adabu kabisa, kama mtu aliyejing'ata ulimi. Mapovu madogo yalibaki kwenye ndevu zake. Sisi watoto tulikuwa tumejipanga ukutani na hatukuthubutu kucheka. Hakumgombeza mama, maana mzee hagombani na mke wa mwanawe. Alimwita baba na kumwambia maneno ambayo baadaye baba aliyaleta nyumbani neno kwa neno. "Kitabu kimeharibu kibuyu kilichonilisha tangu nikiwa kijana. Labda kina kizuri kingine, mimi sikijui. Mwambie mkeo masika haya tu. Mvua ikiisha nitakwenda huko joshoni nimsikie kwa masikio yangu. Akisoma, nimenyamaza. Asiposoma, kitabu kirudi kwa mwenyewe na yeye arudi kwa ndama."

Mama hakulia. Alikaa karibu na meko akikigeuzageuza kile kibuyu kilichokufa, kisha akaniambia kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Alisema tangu aolewe, kila anachokijua alifundishwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumnyang'anya. Kitabu kilikuwa cha kwanza kumfundisha bila kumwangalia usoni. Hakutaka kukirudisha.

Basi akaachana na cha nyumbani, akakishika cha hadithi kwa nguvu zote. Wala si yeye tu. Mchana baada ya kukamua na kuteka maji, wanawake walikuja nyumbani kwake na ngozi zao za kushona, na mama akawasomea kwa Kiswahili kisha akawaeleza kwa lugha yetu. Nawakumbuka walivyokaa. Mama mkubwa Udamasi karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, kisha Udaresi na Udahana, wake wa baba zangu wadogo, na mwishoni Mama Tluway, jirani yetu Mwiraqw aliyekuwa na kicheko kama cha kifaranga. Hadithi ilikuwa ya bwana mmoja mchoyo aliyekuwa na ghala la mahindi mwaka wa njaa. Anafunga ghala, anawaambia majirani hana hata punje, usiku anakula peke yake. Ilikuwa hadithi nzuri kwa watu wanaojua njaa. Tatizo lilikuwa moja. Yule mchoyo aliitwa Salumu.

Hapa lazima nieleze kwa wasomaji wasio wa kwetu. Mwanamke wa Kibarabaig akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakubwa wengine wa ukoo ule. Na si kwamba hamwiti yeye tu. Jina lile halitoki kinywani mwake hata likiwa la mtoto wa jirani, au la mwenye duka, au la mtu wa kitabuni ambaye hajawahi kuzaliwa. Analizunguka, kama mtu anavyozunguka ng'ombe wa mzee asipite katikati yao. Akiteleza, wanawake wenzake ndio wanaomkalisha kikao, na aibu yake inamfuata hadi kwa watoto. Wageni waliowahi kunisikia nikieleza haya wanasema ni mzigo. Labda. Lakini heshima si utumwa, na wanawake wale walikuwa na ufundi wa kusema jambo lolote bila kuligusa, ufundi ambao mwandishi wa lile gari la kurasa mbili hana.

Mama kila akilifikia jina lile alisimama. Wenzake walijua amefika wapi, wakainamisha vichwa juu ya ngozi zao. Mwanzoni alisema "yule wa ghala" na kuendelea, lakini moyo haukumpa raha, alisema anamdanganya mwandishi. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, nimeketi ubavuni mwake nikishikilia uzi. Siku moja akalifikia, akanigusa goti, akaweka kidole chake chini ya neno. Binti wa nyumba ni damu, jina la babu yake halimfungi. Nikasema, "Salumu." Wote wakashusha pumzi, na Mama Tluway, ambaye kwa kuwa si wa ukoo angeweza kulisema tangu siku ya kwanza, akasema alikuwa anasubiri kuona tutafika wapi. Tangu siku hiyo, hiyo ikawa kazi yangu. Mama anasoma, ananigusa goti, mimi nasema, mama anaendelea. Neno la kwanza nililolijua kwa kuliona, kabla ya jina langu mwenyewe, ni jina la babu yangu likiwa limevaliwa na mchoyo.

Darasani mambo yalikuwa magumu, maana mimi sikuruhusiwa kuketi na wakubwa. Nilibaki nje na watoto wengine, tukichungulia kupitia nafasi za mbao. Wanafunzi karibu wote wa Mwalimu Betrisi walikuwa wake wa ukoo wetu, na kila mmoja akifika kwenye jina anakauka kama amepigwa na baridi. Mwalimu maskini akaona ni herufi ndiyo inayowashinda. Akawaimbisha sa, se, si, so, su, siku baada ya siku, wakaimba vizuri mno, wakaandika mchangani, wakaandika kwenye vibao. Akifungua kitabu, kimya kilekile. Mwanamke anayesoma "sabuni" na "salama" bila kukwama, anashindwaje hapo? Alirudi nyumbani kwake akiwa na huzuni. Paulina ameniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nimefikiri sana. Wanawake wasingeweza, kwa sababu kumweleza mgeni jambo la wakwe ni kama kulinyooshea kidole jina lenyewe. Na mimi nilidhani anajua. Mtoto hudhani kila mtu mzima anajua kile ambacho yeye amekijua siku zote.

Mvua ikaanza kupungua, majani ya mbugani yakapata wekundu kwenye ncha. Mkaguzi wa elimu akaja, Bwana Mhina, mtu mnene mpole aliyekaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo na kujifuta tope kwenye viatu kwa jani. Wazee walialikwa wasikilize. Babu alikuja, kama alivyoahidi, na kigoda chake mwenyewe. Akakaa upande wa wanaume, kidevu juu ya fimbo, macho kwenye shimo la josho kana kwamba alikuwa amefuata ng'ombe. Mama alitoka nyumbani siku ile amejipaka mafuta na amevaa sketi yake ya ngozi ya sherehe, ile yenye shanga. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeshikilia mfuko wa kitabu, na moyoni nilijua kitabu kile ama kitarudi nasi jioni, ama hakitarudi tena.

Walianza wengine. Mkaguzi aliwafungulia kurasa za mwanzo, za kuku na kisima, wakasoma, wakapigiwa makofi. Alipofika kwa mama akakifungua kitabu katikati bila kuangalia, akampa. Mama akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akasoma wa pili. Akasimama.

Nilikuwa kwenye nafasi ya mbao, goti langu likaanza kuwasha pale anaponigusaga. Mkaguzi alisubiri kwa upole. Akasema, "Endelea, mama." Mama akabaki ameangalia karatasi. Mwalimu Betrisi akafumba macho, naona midomo yake ikisema sa, se, si. Wanawake wote wa ukoo wakainamisha vichwa kwa pamoja, kama majani upepo unapopita. Bwana Mhina akauliza kama neno lile ni gumu, akasema anaweza kuliruka, lakini atalazimika kuandika kwamba limemshinda. Mama hakuliruka. Alikuwa amesema hamdanganyi mwandishi, na kitu kimoja zaidi nilikuja kukielewa nilipoolewa mwenyewe. Kuliruka mbele ya mwenye jina kungekuwa kumwambia kwamba hayupo.

Kimya kile babu alikuwa amekisikia maisha yake yote. Ndani ya boma lake, kila wanawake waliponyamaza namna ile, alijua wamefika mlangoni pake. Niliona kidevu chake kikiinuka taratibu kutoka kwenye fimbo. Akamtazama mkaguzi, si mama, akasema kwa Kiswahili chake kizito cha mnadani, "Hapo ni mimi. Jina langu liko hapo. Hawa ni wake wa watoto wangu, halipiti kinywani mwao. Nitalisema mimi, yeye asome yanayobaki." Kisha akakohoa kidogo, akasema, "Salumu."

Mama akasoma, bila kuinua macho, "alifunga ghala lake kwa kufuli, akawaambia majirani kwamba hana hata punje moja." Akasimama tena. Babu akasema, "Salumu." Mama akasoma namna alivyokula peke yake gizani. Akasimama. Babu safari hii alichelewa kidogo, akamgeukia mzee aliyekuwa karibu naye na kumuuliza kwa lugha yetu huyu mtu ni wa ukoo gani anayelitumia jina lake kwa uchoyo namna hii. Watu wakaanza kucheka chinichini. "Salumu," akasema, lakini safari hiyo kwa aibu, kama baba anayemtaja mtoto mwizi. Hivyo ndivyo walivyoumaliza ukurasa ule, mwanamke mwenye herufi zote isipokuwa zile, na mzee asiye na herufi yoyote isipokuwa zile. Mwalimu Betrisi alikuwa analia na kucheka, akijifuta kwa kanga, akisema, "Jamani, na nyimbo zangu zote zile." Bwana Mhina aliandika kitu, akauliza kama mzee naye aandikwe kuwa mwanafunzi. Babu akamwambia amechelewa, ndama wanamsubiri.

Jioni kitabu kilirudi nyumbani mabegani mwangu. Babu alipita nje ya nyumba yetu akamwita baba, na tulimsikia wote. Hakusema mama amefaulu, wala hakusema kitabu ni kizuri. Alisema, "Kibaki. Nataka kujua kama yule mtu ataona haya." Na kuanzia hapo, mchana wanawake walipokutana, tuliona shuka jeusi nje ya ua wa miiba. Mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe kusikiliza hadithi, basi aliketi nje, ametupa mgongo, eti anaangalia mbuga. Mama akapaza sauti kidogo. Nami nikifikia zamu yangu nilisema jina kwa nguvu hadi lipite miiba. Akisikia jambo lisilompendeza aligonga fimbo chini. Hadithi ilipoisha, mchoyo akaomba msamaha na majirani wakamsamehe upesi mno, babu aligonga mara nyingi. Alisema nje kule, kana kwamba anaiambia mbuga, kwamba kitabu kimeandikwa na mtu asiyefuga, maana tangu mwanzo hadi mwisho hajataja ng'ombe hata mmoja, na mtu hawezi kujulikana ubaya wake wala wema wake kabla hujamwona na ng'ombe. Halafu akaagiza kisomwe tena kutoka mwanzo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuvisema vitabu. Mama aliendelea kusoma hadi macho yalipomwisha, na kibuyu kipya cha babu alikisafisha kwa moto na moshi. Kile cha sabuni hakukitupa. Aliweka ndani yake mbegu za maboga, na juu ya ukuta kilikaa miaka mingi, kikimkumbusha kwamba kitabu kinaweza kusema kweli ya watu wengine.

Siku hizi Paulina ana simu inayosoma kitabu yenyewe. Aliniwekea wiki iliyopita, akasema nipumzishe macho. Ni sauti nzuri ya kike, haikohoi, haichoki, haikosei. Inasoma jina la mchoyo na jina la mzee na jina la marehemu kwa mwendo mmoja, kama gari lisilopunguza kwenye nyumba za watu. Nilisikiliza kidogo nikamwambia aizime. Akauliza kosa lake nini. Nikamwambia haina kosa, ila simu haina baba mkwe. Paulina anaolewa mwakani huko Balangdalalu, kwa watu ambao bado wanashika mambo yale, naye amekuwa akisema haya yamepitwa na wakati. Safari hii hakusema. Aliuliza akija kusoma mbele yao na jina likawemo, atafanyaje. Sikumwambia afanye nini, wakati wake si wangu. Nilimwambia tu yaliyotokea joshoni, kama nilivyowaambia ninyi.

Zamani vitabu vilikuwa viwili kwa boma zima, na tulivijua kama tunavyojua ng'ombe wetu. Sasa ninavyo rafu nzima, na duka la Mbulu lina vingi zaidi, na sina wa kunigusa goti. Nasoma peke yangu jikoni, nikianza na harufu. Ila jambo moja sijaliacha na sidhani kama nitaliacha. Nikilifikia jina, hata la yule mpishi wa tajiri aliyenyimwa jina, nami nikambunia moja, huwa nasimama kidogo kabla ya kulisema, kama mtu anayesogea kando ya njia mzee apite.